Ziwa Nje ya Darasa: Walimu wa Uvira na Somo la Sayansi

Mwishoni mwa Aprili 1858 mitumbwi miwili iliyotoka Ujiji ilifika Uvira ikiwa na Waingereza wawili waliokuwa taabani kwa ugonjwa. Richard Burton alikuwa na vidonda ulimini hata kula ilikuwa shida. John Speke alikuwa amepoteza usikivu wa sikio moja baada ya mdudu kuingia ndani. Walikuwa wamekuja na swali moja. Mto Ruzizi, ulio kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa, unaingia Tanganyika au unatoka? Kama unatoka, huenda ziwa hili ndilo chanzo cha Nile. Wana wa Maruta, mtawala wa Uvira, walipoulizwa walijibu kwamba Ruzizi unaingia. Walikuwa wamefika mtoni na kuuona, na watu waliosimama kando wakawaunga mkono. Wapiga makasia walikataa kusonga mbele kwa kuwahofia Warundi, hivyo wageni wakarudi Ujiji na jibu la kusimuliwa tu. Ulaya ikabishana kwa miaka 13, hadi Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipopanda ziwa kutoka Ujiji, wakafika mdomoni mwa mto na kuona maji yakiingia ziwani, kama wenyeji walivyosema.

Mwalimu wa shule ya msingi akipata kisa hiki, ana somo zima la sayansi mkononi. Kuna swali, kuna watu waliotazama, kuna mabishano, na kuna njia ya kuyamaliza: kwenda kuona. Mdomo wa Ruzizi haujahama mbali. Hata hivyo, mwanafunzi anayesomea ualimu Uvira leo anaweza kumaliza masomo yake, akapata diploma na kuanza kazi bila kuwa amewapeleka watoto ufukweni hata mara moja kutazama kitu na kukiulizia. Jambo hilo lina historia yake, na inaanza kabla hata ya mwalimu wa kwanza kuandaliwa.

Shule ziliingia pwani ya kaskazini ya Tanganyika pamoja na misheni. Wapentekoste wa Sweden walifika mwaka 1921 wakaanza kazi Uvira, baadaye wakajenga hospitali na shule Lemera, milimani juu ya bonde la Ruzizi. Upande wa Wakatoliki, Mapadri Weupe walikuwa wa kwanza ziwani, na mwaka 1958 wakaja Wasaveri kutoka Parma, Italia. Jimbo la Uvira lilianzishwa rasmi mwaka 1962. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji haikutaka kujenga shule zake kwa Waafrika. Iliwaachia wamisionari, ikawapa ruzuku na mpango wa masomo. Mpango mkuu wa kwanza ulitoka mwaka 1929, mwingine mwaka 1948. Kwa muda mrefu ruzuku ilikuwa ya misheni za kitaifa tu, maana yake hasa zile za Kikatoliki za Ubelgiji. Waprotestanti hawakuipata mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo shule nyingi za Wasweden ziliishi kwa sadaka za waumini wa Sweden na kazi za waumini wa hapa.

Mwalimu wa wakati ule aliitwa monitéa, jina ambalo wazee bado wanalitumia. Walikuwapo walioandaliwa miaka minne baada ya shule ya msingi, na wengine miaka miwili tu, katika shule ndogo za mafunzo ya ualimu zilizokusudiwa kutoa walimu wa vijijini kwa haraka. Sayansi iliyokuwa katika mpango wao ilikuwa usafi wa mwili na nyumba, kazi ya shamba, na mazungumzo ya kutazama vitu vilivyo karibu: mmea, mnyama, hali ya hewa. Katika karatasi, hilo la mwisho ni zuri sana, kwa maana mtoto anatazama kabla ya kuambiwa. Katika maisha, shamba lilimeza muda wote. Bustani ya shule ilimlisha monitéa na misheni, na mtoto aliyelima pamba au mihogo hakuulizwa kwa nini mstari mmoja umeota na mwingine umekauka. Shule ile ilitaka kutoa Wakristo wema, makarani wachache na wakulima watiifu. Monitéa aliandaliwa kwa shabaha hizo, na aliyeuliza maswali mengi alionekana mkaidi.

Jambo la ajabu la Uvira ni kwamba sayansi ya daraja la juu ilikuwa mtaa wa pili. Mwaka 1947 Ubelgiji iliunda Taasisi ya Utafiti wa Kisayansi katika Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, IRSAC. Makao makuu yalikuwa Lwiro, karibu na Bukavu, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kituo cha elimu ya viumbe wa majini kilikuwa kikifanya kazi Uvira. Georges Marlier alikiongoza na kuandika juu ya wadudu na samaki wa ziwa. Jean Dubois alipima joto la maji, uangavu wake, na kiasi cha hewa ya oksijeni katika ghuba ya kaskazini, mara kwa mara na kwa kina tofauti. Kwa vipimo kama vyake dunia imeelewa kwamba Tanganyika, ziwa lenye kina cha takriban meta 1,470, lina uhai wa samaki katika tabaka la juu tu. Chini ya meta mia moja na kitu upande huu wa kaskazini oksijeni huisha, na sehemu kubwa ya ziwa iliyobaki haina samaki hata mmoja.

Mvuvi wa Kalundu, ufukweni mwa Uvira, alijua nusu ya jambo hili kwa nyavu zake. Vijana wa Uvira walipiga makasia, walibeba chupa za maji, walikamata samaki na kuwataja kwa majina ya Kivira na Kibembe wakati Wabelgiji wakiandika majina ya Kilatini. Matokeo yalichapishwa Ulaya kwa Kifaransa. Shule za mamonitéa hazikuwa na njia ya kuyapata, na sijapata kusikia kwamba kuna aliyefikiri wanayahitaji. Hapo ndipo umbali kati ya maabara na darasa ulipowekwa, na baada ya mkoloni kuondoka ulidumu.

Uhuru wa 1960 ulikuta nchi ikiwa na watoto wengi sana katika shule za msingi na karibu hakuna Mkongomani aliyesoma chuo kikuu. Mwaka 1961 Taasisi ya Taifa ya Ualimu ilianzishwa Léopoldville kwa msaada wa UNESCO ili kuandaa walimu wa sekondari, na baadaye vyuo vya aina hiyo, vinavyoitwa ISP, vilienea mikoani. Lakini Uvira haikupewa nafasi ya kutulia. Mei 1964 mji uliangukia mikononi mwa waasi wa Simba. Mwezi Novemba mwaka uleule, Wasaveri watatu na padri mzalendo Albert Joubert waliuawa Baraka na Fizi. Kanisa liliwatangaza wenye heri mjini Uvira Agosti 2024. Shule zilifungwa, walimu walikimbilia milimani au ng'ambo, Burundi na Kigoma.

Katika miaka hiyohiyo, ng'ambo ya ziwa na zaidi ya hapo, mafunzo ya walimu wa sayansi ya watoto yalikuwa yakifikiriwa upya. Wazo lilizaliwa katika mkutano wa mwaka 1961 karibu na Boston, Marekani, uliowakutanisha wataalamu wa Marekani na Afrika. Kuanzia 1965 ukaenea Mpango wa Sayansi ya Msingi wa Afrika, ukishirikisha Kenya, Tanzania, Uganda, Malawi, Ghana, Nigeria na Sierra Leone. Walimu walikutana katika warsha, wakachezea vitu wenyewe kwanza: mchanga mkavu, maji ya dimbwi, rangi za majani na udongo, na yule mdudu mdogo anayechimba shimo mchangani ili kuwanasa sisimizi. Baada ya hapo waliandika vijitabu vya kufundishia. Msingi wake ulikuwa kwamba mwalimu ambaye hajawahi kushangaa juu ya yule mdudu hawezi kumfanya mtoto ashangae, hata akipewa kitabu kizuri namna gani.

Eleanor Duckworth, aliyekuwa amesoma kwa Jean Piaget huko Geneva, alitumwa Kenya kupima kama mpango ulileta faida. Hakuwapa watoto mtihani wa maandishi. Aliwapa vitu, akakaa kando, akatazama wanavifanyia nini. Watoto waliokuwa katika madarasa ya mpango ule walibuni mambo mengi zaidi ya kujaribu na waliyafuata kwa muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Kwangu hiki ni kimojawapo cha vipimo bora vilivyowahi kufanywa juu ya elimu ya watoto Afrika Mashariki, kwa sababu kilipima akili ikiwa kazini.

Hakuna lolote kati ya haya lililovuka ziwa kuja Uvira. Mpango ulikuwa wa nchi zinazotumia Kiingereza, na Kongo ilikuwa na mikataba na Ubelgiji na Ufaransa. Mashua kutoka Kigoma ingeweza kufika pwani ya Fizi kwa usiku mmoja. Aprili 1965 Che Guevara na Wakuba wake walivuka hivyo. Kijitabu cha mdudu wa mchangani hakikuvuka.

Chini ya Mobutu shule ziligeuzwa mara mbili ndani ya muda mfupi. Mwisho wa mwaka 1974 serikali ilizitwaa kutoka kwa makanisa, na Februari 1977 ikayarudishia uendeshaji kwa mkataba. Ndiyo maana hadi leo shule nyingi za Uvira ni za serikali kwa sheria na za Wakatoliki au Waprotestanti kwa uendeshaji. Kuandaa walimu wa msingi kukawa kazi ya sehemu ya pedagojia katika shule za sekondari: mwanafunzi huchagua pedagojia kama mwenzake anavyochagua biashara au biolojia, na baada ya miaka minne hufanya Mtihani wa Serikali na kutoka akiwa mwalimu. Nchi kadhaa jirani zilihamishia kazi hiyo vyuoni. Kongo iliiacha mikononi mwa vijana ambao wengi hawajafikisha miaka ishirini.

Wakati huohuo kituo cha utafiti kilibadilisha majina na wenye kukiongoza, na leo ni Kituo cha Utafiti wa Viumbe wa Majini, CRH. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 kilipata wageni wa namna nyingine. Watafiti wa Japani, wakiongozwa na Hiroya Kawanabe wa Kyoto, walikuja kupiga mbizi kusini kidogo ya mji, penye mawe. Safari hii Wakongomani hawakuishia kupiga makasia. Muderhwa Nshombo na Masta Mukwaya Gashagaza walichapisha tafiti pamoja na Wajapani juu ya chakula na maisha ya samaki wa miambani, majina yao yakiwa juu ya karatasi.

Mmoja wa samaki waliochunguzwa kwa miaka mingi ni *Perissodus microlepis*, anayeishi kwa kung'oa na kula magamba ya samaki wengine. Mdomo wake umepinda. Wengine umepinda kushoto, wengine kulia, kwa kurithi kutoka kwa wazazi. Mwenye mdomo wa upande mmoja hushambulia ubavu mmoja tu wa windo. Michio Hori, mmoja wa watafiti hao wa Japani, alihesabu samaki hao mwaka baada ya mwaka na kuona kwamba pande zote mbili hubaki karibu nusu kwa nusu, zikipanda na kushuka kwa zamu. Wakizidi wa kulia, mawindo huzoea kulinda ubavu wanaoushambulia hao, na wa kushoto hupata chakula zaidi na kuzaa zaidi, mpaka nao wazidi. Makala yake ilitoka katika jarida la *Science* mwaka 1993 na imeingia katika vitabu vya biolojia duniani kama mfano wa uteuzi wa asili unaoonekana kwa macho.

Natamani kila mwanafunzi wa pedagojia wa Uvira akijue kisa hiki kabla ya kupanda mbele ya darasa lake la kwanza. Samaki mwenyewe anaishi kwenye mawe ambayo watoto wa Kalundu huyaogelea. Somo linahitaji samaki wachache kutoka kwa mvuvi, jicho, na daftari la kuhesabia: wangapi kushoto, wangapi kulia. Mtoto wa darasa la tano anaweza kulifanya.

Ili kuona kwa nini halifanyiki, fuata ngazi ambazo ujuzi hushuka. Mtafiti wa CRH, akipata kipindi cha kufundisha, hufundisha ISP au chuo kikuu. Mhitimu wa ISP wa biolojia na kemia anakwenda kufundisha sekondari, na huenda akapangiwa sehemu ya pedagojia. Mwanafunzi wake wa pedagojia ndiye atakayekwenda shule ya msingi. Katika kila ngazi kitu hushuka kikiwa maandishi ya kunakili, na samaki hubaki juu. Mhitimu wa ISP amefundishwa kufundisha vijana wakubwa. Hajaandaliwa kumwonyesha mtu namna ya kumfundisha mtoto wa miaka minane. Halafu kuna lugha. Mwanafunzi wa pedagojia hujifunza yote kwa Kifaransa, kisha akipangiwa darasa la kwanza au la pili hutakiwa kufundisha kwa Kiswahili, lugha ya taifa ya mashariki. Mwenye maneno ya kutosha kwa samaki na nyavu nyumbani kwao anasimama mbele ya ubao bila maneno ya somo.

Staji, yaani mazoezi ya kufundisha darasani, ndiyo mahali pa kurekebisha haya, na nadhani ndiyo sehemu bora ya mafunzo yetu. Mwanafunzi huandika fishi, yaani karatasi ya maandalizi ya somo, hueleza shabaha, vifaa na hatua: kukumbusha, kuamsha hamu, kutangaza somo, uchambuzi, kufupisha, kutathmini. Mwalimu wa darasa husoma fishi na kuikubali au kuirudisha. Siku ya somo wenzake wote hukaa nyuma na madaftari, na likiisha kuna kipindi cha kumkosoa mbele ya wote. Walimu waliopita humo huzikumbuka alama zao uzeeni. Lakini tazama kinachokosolewa: mwandiko wa ubaoni, sauti, muda, kama hatua zilifuatana. Penye mstari wa vifaa, fishi nyingi za sayansi zina ubao, chaki na mchoro. Mtoto akiuliza swali lisilo katika fishi, mwanafunzi wa staji hupoteza muda na hatari ya alama inaongezeka, basi hulizima kwa upole.

Miaka ya 1990 iliondoa hata kidogo kilichokuwapo. Mishahara ilikwisha thamani, walimu wakagoma, na kuanzia 1993 hivi wazazi ndio waliobeba shule kwa kulipa walimu kila mwezi. Oktoba 1996 vita viliingia Kivu kupitia bonde la Ruzizi. Wagonjwa na wauguzi waliuawa katika hospitali ya Lemera, na ndani ya wiki chache Uvira ilikuwa mikononi mwa wengine. Vita vya 1998 vikafuata. Kituo cha utafiti kilibaki na watu wake bila fedha. Mradi wa bioanuwai wa nchi nne za ziwa, 1995 hadi 2000, ulisaidia kukiweka hai, na Juni 2003 nchi hizo zilitia saini Dar es Salaam mkataba wa kulitunza ziwa, ukiwa na sehemu juu ya kuelimisha umma. Shule ya msingi ni umma mkubwa kuliko wowote katika pwani hii, ila kwa mwanafunzi wa pedagojia mkataba ule umebaki jina.

Somo moja la sayansi, hata hivyo, mji uliletewa na kipindupindu. Ugonjwa huu haukomi Uvira. Wachunguzi walichukua takwimu za wagonjwa waliolazwa kati ya 2009 na 2014, wakaziweka kando ya kumbukumbu za kiwanda cha maji: siku gani mabomba yalitoa, siku gani yalikauka. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba baada ya siku isiyo na maji ya bomba wagonjwa huongezeka katika siku zinazofuata, na karibu robo ya waliolazwa walihusiana na kukatika huko. Watu walirudi ziwani na mitoni kuteka. Walimu wa Uvira wamefundisha kunawa mikono kwa nguvu zote kwa miaka. Wachache wameonyeshwa kwamba wangeweza kuwaachia watoto wa darasa la sita kuandika kila siku kama bomba la mtaa limetoa, na mwisho wa mwezi kuchora mistari. Mtoto anayechora mistari hiyo anajua kunawa mikono na anajua pia nani wa kuulizwa kuhusu maji.

Septemba 2019 elimu ya msingi ya umma ikawa bila malipo, kama katiba ya 2006 ilivyoahidi. Watoto waliokuwa nyumbani walirudi, na madarasa yakafurika. Wengine husema kwamba katika umati kama huo sayansi ya vitendo haiwezekani. Naliona kinyume. Watoto wengi wakigawanywa katika vikundi ufukweni huzaa vipimo vingi, na vipimo vingi ndivyo Hori alivyohitaji. Tatizo ni kwamba mwalimu anaogopa vikundi kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuviendesha, wala katika staji hakupata alama kwa hilo.

Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika usiku, ukabeba nyumba na watu. Tangu wakati huo ziwa lenyewe limepanda na kuingia barabarani na katika mitaa ya pwani, na watoto wanauliza kwa nini. Jibu lina sehemu ambazo darasa laweza kuzipima. Maji huingia kwa mvua, kwa Ruzizi na kwa mito midogo ya milimani. Hutoka kwa mto Lukuga, upande wa Kalemie, lakini sehemu kubwa mno hutoka kwa mvuke unaopanda angani. Sahani ya maji juani, alama ya makaa kila asubuhi, kijiti chenye mistari kilichosimikwa mahali patulivu ufukweni, na mtoto wa zamu wa kuandika. Ziwa hili lilipanda hivi pia katika miaka ya 1960, na wazee waliokuwa watoto wakati ule wanaweza kuonyesha maji yalifika wapi. Kwa mwanafunzi wa pedagojia wa mwaka wa tatu, kazi hiyo ni ya muhula mmoja: aifanye yeye na wenzake kwanza, waandike, wabishane juu ya tarakimu zao, mwalimu wao wa biolojia akiwa pamoja nao na mtu mmoja kutoka CRH akiwasahihisha. Mwaka wa nne wataipeleka staji, na wasimamizi wakae nyuma na kuhesabu maswali ya watoto kabla ya kuutazama mwandiko wa ubaoni.